Baiskeli ya Umeme ya Bei ya Punguzo katika Milima ya Mbeya na Iringa

Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedeli, cheni na breki kama nyingine, ila imeongezewa mota, betri, chaja na kisanduku kidogo cha kuongoza umeme ambacho mafundi hukiita kontrola. Mwendeshaji akikanyaga, sensa iliyo karibu na pedeli hutambua na mota huongeza nguvu. Nyingine zina pia mkono wa kuongezea mwendo kama wa pikipiki, na hizo hutembea hata miguu ikiwa imetulia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye picha ya dukani, lakini ndiyo inayoamua betri itafika wapi, na pia chombo hicho kihesabiwe kuwa nini barabarani.

Kwa Mbeya na Iringa mvuto wake ni mkubwa kuliko miji ya pwani. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Loleza. Iringa umekaa juu ya kilima, na Ruaha Mdogo unapita bondeni. Mtu wa Uyole, Mbeya, anayefanya kazi Sokomatola, au wa Ipogolo, Iringa, anayesoma Gangilonga, lazima apande, akienda au akirudi. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: injini ya petroli hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda juu, kwa sababu hewa inapungua. Pikipiki iliyonunuliwa Dar es Salaam huja Mbeya ikiwa imepungukiwa. Mota ya umeme haivuti hewa, hivyo nguvu yake Mbeya ni ileile ya Tanga.

Wingi wa baiskeli za punguzo mtandaoni una historia yake. Wakati wa Uviko-19, watu wa Ulaya na Marekani waliokwepa mabasi walinunua baiskeli kwa fujo, viwanda vikapokea oda kubwa kupita kiasi, na kufikia 2023 maghala yalikuwa yamejaa. Kampuni nyingine zilianguka. VanMoof ya Uholanzi, iliyosifiwa kwa baiskeli zake za kisasa, ilitangazwa muflisi Julai 2023 kabla ya kununuliwa na wengine, na wateja waliingiwa na hofu kwamba programu ya simu inayofungua baiskeli hizo ingezimwa. Kwa hiyo punguzo si lazima liwe ulaghai. Lakini mara nyingi ni dalili kwamba mzigo umekaa ghalani muda mrefu, na betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika.

Ulaghai nao upo, na una sura zake. Wa kwanza ni bei iliyofutwa kwa mstari ambayo bidhaa haijawahi kuuzwa kwayo. Wa pili ni ujanja wa machaguo: tangazo linaonyesha baiskeli nzima na bei ya kushangaza, lakini mnunuzi akibofya anakuta bei hiyo ni ya chaja au fremu tupu, na baiskeli yenye betri ni mara nne yake. Wa tatu ni "usafirishaji bure", maana yake bure kutoka ghala la Poland kwenda Ujerumani, si kwenda Mwanjelwa, Mbeya. Na muuzaji anayeomba malipo yafanyike nje ya soko la mtandaoni, kwa sababu yoyote ile, ni ndugu wa matapeli wa ujumbe wa simu wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Masoko makubwa ya China hushikilia fedha mpaka mteja apokee mzigo. Akilipa pembeni, kinga hiyo imekwisha.

Maduka makubwa ya mtandaoni ya kuingia kati si mengi Tanzania. Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Wengi hununua China na kupeleka mzigo kwa wakala wa Guangzhou au Yiwu, ambaye anauchanganya na ya wengine ndani ya kontena na kutoza kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Boksi la baiskeli la urefu wa sentimita 140, kimo 75 na upana 28 linafika karibu theluthi moja ya mita ya ujazo, likiwa na hewa nyingi kuliko chuma. Baiskeli inayokunjwa hupunguza ujazo huo sana, na hapo ndipo punguzo la kweli lilipo mara nyingi, kuliko kwenye bei ya tangazo.

Ndege si njia ya mkato. Betri za lithiamu zimewekwa katika kundi la bidhaa hatari, na tangu Aprili 2016 zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimepigwa marufuku katika ndege za abiria. Shangazi anayerudi kutoka Ulaya naye hawezi kubeba betri ya baiskeli kwenye begi: kikomo cha betri ya akiba kwa abiria ni wati-saa 160, tena kwa kibali cha shirika la ndege, wakati betri nyingi za baiskeli hufika wati-saa 360 na zaidi. Ndiyo maana baiskeli nyingine hufika bila betri, na mwenye nayo akabaki na baiskeli nzito ya kilo 20.

Bandarini hesabu hufanywa juu ya bei ya bidhaa, bima na usafiri kwa pamoja. Katika vitabu vya forodha, baiskeli yenye mota ya umeme haikai na baiskeli za kawaida. Iko kwenye kifungu cha pikipiki, namba 8711. VAT ya asilimia 18 huja juu ya hapo. Tuseme baiskeli imeshuka kutoka dola 800 hadi 500, na usafiri na bima ni dola 120. VAT pekee ya dola 620 ni karibu dola 112. Mnunuzi anayejipongeza kwa kuokoa 300 ameshaongeza zaidi ya 230, na bado ushuru wa forodha, ada za wakala, na basi kutoka Mbezi, Dar es Salaam: kilomita kama 500 hadi Iringa, zaidi ya 800 hadi Mbeya. Mawakala wa mizigo ya pamoja hutaja bei moja yenye kodi ndani yake, jambo linalorahisisha maisha, ila mteja hubaki bila nyaraka za forodha zenye jina lake.

Siku boksi linapofunguliwa, kazi ya kwanza si kufunga usukani. Ni kupima betri. Fundi wa redio au simu ana mita ya volti, na kipimo hakichukui dakika. Betri iliyoandikwa volti 36 ina seli kumi zilizofuatana. Ikijaa inasoma 42, na ikiwa karibu kwisha inasoma kama 30. Ya volti 48 ina seli 13, ikijaa inasoma 54.6. Betri ya volti 36 inayosoma 20 imekaa ghalani mpaka seli zake zikashuka chini ya usalama. Inaweza kukubali chaja, na hapo ndipo hatari ilipo, maana seli iliyoumia ndani ndiyo inayowaka moto. Picha ya mita pamoja na namba ya betri, ikipigwa siku hiyohiyo, ni ushahidi anaoweza kuuelewa muuzaji wa nchi yoyote.

Kisha unakuja mlima. Matangazo husema "kilomita 80 kwa chaji moja", na kipimo hicho hufanywa tambarare, bila upepo, mwendeshaji mwepesi akikanyaga sana na mota ikisaidia kidogo. Nyanda za Juu Kusini hazina barabara ya hivyo. Mtu, baiskeli na mkoba wakiwa kilo 100, kupanda mita 100 kwenda juu kunadai wati-saa 27, na kwa kuwa mota hupoteza sehemu ya nguvu kama joto, betri hutoa karibu 40. Kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini Iringa bila kukanyaga kunakula zaidi ya sehemu ya kumi ya betri ya wati-saa 360, kabla ya kuhesabu umbali wenyewe. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya hupanda hadi zaidi ya mita 2,400. Mita hizo 700 za ziada zinadai karibu wati-saa 280, yaani zaidi ya robo tatu ya betri hiyohiyo, na safari ndiyo kwanza imefika juu.

Aina ya mota inahusika zaidi ya wati zilizoandikwa. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na ndani yake kuna gia ndogo za plastiki ngumu. Kwenye tambarare hufanya kazi vizuri. Kwenye kilima kirefu, baiskeli ikienda polepole, mota huzunguka chini ya kasi yake, umeme mwingi unageuka joto, na gia za plastiki hulainika na kusagika. Mota iliyo katikati, kwenye pedeli, hutumia gia za baiskeli yenyewe na hupanda vizuri zaidi, ila hula cheni haraka na bei yake haishuki sana. Mwenye mota ya kitovu anaweza kuiokoa kwa kukanyaga kwa nguvu kabla mwendo haujafa, na kuipumzisha inapokuwa moto kiasi cha kuunguza kiganja.

Kushuka nako kuna gharama. Mota nyingi za namna hiyo hazirudishi umeme kwenye betri wakati wa mteremko, kwa hiyo kazi yote ni ya breki, na baiskeli ina uzito wa karibu mara mbili ya ya kawaida. Kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, unaojulikana kwa ajali za malori, pedi nyembamba za breki si kitu cha kusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Umeme wenyewe ni rahisi mno. Kujaza betri ya wati-saa 480 hutumia kama nusu uniti ya TANESCO, na kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 200. Bodaboda ya safari fupi haiwezi kushindana nayo. Tahadhari ni kwa nyumba iliyo kwenye kundi la wateja wadogo, wanaolipa bei ya chini kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Baiskeli inayochajiwa kila siku huongeza uniti 15 hadi 17, na nyumba iliyokuwa ikitumia 65 inavuka mstari. Uniti zinazozidi hutozwa bei zaidi ya mara tatu ya hiyo ya chini. Kwa wakazi wa Iringa, umeme huo unaweza kuwa umetoka mtoni kwao: maji ya Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, yakafika Mtera, Kidatu, na hatimaye bwawa la Julius Nyerere.

Chaja inayofaa ni ile iliyokuja na baiskeli. Chaja ya volti 48 ikichomekwa kwenye betri ya volti 36 huijaza kupita kiasi. Jijini New York, ambako wapeleka vyakula wengi hutumia baiskeli hizi, kikosi cha zimamoto kilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu mwaka 2023 na vifo 18, na Septemba mwaka huo sheria ikadai baiskeli zinazouzwa ziwe na kiwango cha usalama cha UL 2849. Kiwango cha Ulaya ni EN 15194. Maandishi hayo yatafutwe kwenye baiskeli yenyewe, si kwenye tangazo tu. Na betri isichajiwe usiku kwenye chumba chenye mlango mmoja wa kutokea, ikiwa kati ya godoro na mlango huo.

Msimu wa mvua wa Mbeya huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili. Baiskeli nyingi hustahimili mvua ya kawaida, lakini mashine ya maji ya pale wanapoosha bodaboda husukuma maji hadi ndani ya kontrola na kwenye viungio vya waya. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Kwa vipuri, busara ni kuchagua baiskeli inayofanana na zilizopo mtaani. Tairi na tyubu za inchi 26 za kawaida hupatikana kirahisi na fundi yeyote anaziba pancha. Tairi nene za inchi 20 kwa 4, zinazopendwa sana mtandaoni, huenda zikalazimu kuagiza tena. Spoki za gurudumu lenye mota ni fupi na nene kuliko za baiskeli ya kawaida ya Phoenix, hivyo pakiti moja ya akiba iagizwe pamoja na baiskeli.

Maneno "haihitaji usajili" yaliyo kwenye tangazo ni ya sheria za Ulaya, ambako mota haizidi wati 250 na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, sura ya 168, ambayo kwayo chombo kinachojiendesha kwa nguvu zake chenyewe ni chombo cha moto. Baiskeli ya wati 750 yenye mkono wa mwendo iko karibu zaidi na pikipiki kuliko na baiskeli, na mwenye nayo afike kituo cha polisi wa usalama barabarani kabla hawajamfikia yeye.

Betri nzuri hudumu kama mizunguko 500 ya kujaza kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, miaka miwili au mitatu kwa anayeijaza kila baada ya siku mbili. Mpya inabeba sehemu kubwa ya bei ya baiskeli nzima, na ndiyo anayoipigia hesabu mtu anayenunua baiskeli iliyotumika. Iliyochoka haitupwi jalalani wala kutobolewa. Seli zake nyingi huwa bado hai: Mtanzania Gibson Kawago, mwanzilishi wa kampuni ya WAGA na mmoja wa vijana waliochaguliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2022 kuhamasisha malengo ya maendeleo endelevu, alijenga biashara kwa kukusanya seli za kompyuta za mkononi zilizotupwa, kuzipima moja moja, na kuzifunga upya ziwe betri za taa na za baiskeli za umeme.