Kemo inapiga saratani, lakini moyo nani anauangalia?

Uliza mtu yeyote Meru ama Embu kemo hufanyia mtu nini, na atakutajia vitu vitatu haraka: nywele kung'oka, kutapika na chakula kukosa ladha. Moyo hautajwi. Na moyo ndio unaweza kuanza kusumbua miaka kadhaa baada ya nywele kumea tena.

Hii stori inatuhusu sisi vijana moja kwa moja. Kitambo, mgonjwa wa Maua au Runyenjes alilazimika kusafiri hadi Kenyatta, Nairobi. Siku hizi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na ile ya Embu Level 5 zinatoa tibakemia, ile tunaita kemo, huko huko. Na nani humsindikiza mathe ama shosho kliniki? Ni wewe. Wewe ndiwe unashika faili, unapiga foleni na kulipa kwa simu. Basi ni vizuri ujue pia swali la kumuuliza daktari.

Tuanze na ile dawa nyekundu. Inaitwa doksorubisini. Hutumika sana kwa saratani ya matiti, saratani ya tezi za limfu na nyinginezo. Wazungu waliipa jina la utani “shetani mwekundu”, na hata mkojo wako unaweza kuwa mwekundu baada ya kuwekewa. Inaua chembe za saratani kwa kuharibu DNA yake. Shida ni kwamba inagusa pia misuli ya moyo. Chembe za ngozi zikifa, zingine zinazaliwa. Za moyo zikifa, pengo hubaki.

Madhara hayo huongezeka kadiri dawa inavyojumlishwa, dripu baada ya dripu. Mwaka 1979, Daniel Von Hoff na wenzake huko Marekani walipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 4,000. Waliofikisha miligramu 550 kwa kila mita mraba ya mwili, kama 7 kati ya 100 walipata moyo kushindwa kazi. Usishtuke lakini. Mama wa saratani ya matiti kwa kawaida hupewa raundi nne za miligramu 60, yaani 240 kwa jumla. Hatari ipo, ila ni ndogo kuliko hiyo.

Sasa hapa ndipo mambo ya mwanamke na mwanamume yanaingia. Dozi hupigiwa hesabu kwa urefu na uzito wako. Jinsia haiko kwa hiyo hesabu, ilhali mwili unajua tofauti.

Mwaka 1995, Steven Lipshultz na wenzake wa Boston walichapisha utafiti kuhusu watu waliotibiwa kwa dawa hii wakiwa watoto. Wasichana ndio mioyo yao ilikuwa imedhoofika zaidi, hata miaka mingi baada ya kupona. Sababu moja inayotajwa ni mafuta. Mwili wa msichana huwa na mafuta mengi kidogo, na dawa hii haingii kwa mafuta vizuri, kwa hivyo nyingi huenda kwingine, moyo ukiwemo.

Kwa watu wazima picha inabadilika. Kwenye maabara, panya dume ndio huumia zaidi, na wanasayansi wanadhani homoni ya estrojeni huwakinga majike. Lakini mwanamke akikoma hedhi, kinga hiyo hupungua. Na kemo yenyewe inaweza kukatiza hedhi mapema. Halafu baadhi ya kina mama huongezewa Herceptin, dawa nzuri sana ya aina fulani ya saratani ya matiti, ambayo pia inaweza kudhoofisha moyo. Ndiyo maana moyo hupimwa kila baada ya miezi mitatu ukiwa kwayo.

Wanaume nao wasijione wamepona. Saratani ya koo la chakula inajulikana sana upande wa Meru, na moja ya dawa zake ni 5-FU. Hii inaweza kubana mishipa ya moyo ghafla, mtu akaumwa na kifua dripu ikiendelea. Mwili wa mwanamke huiondoa polepole zaidi, kwa hivyo madhara yake mengine, kama vidonda vya mdomo na kuhara, humkamata zaidi. Lakini ni nani hutafuna miraa Igembe na muguka Mbeere? Wengi ni wanaume. Miraa hupandisha presha na kufanya moyo ukimbie. Msee akiwa kwa kemo, aachane na hiyo kitu, na amwambie daktari ukweli kuhusu alichokuwa akitafuna.

Ufanye nini? Kabla ya dripu ya kwanza ya ile dawa nyekundu, uliza: “Daktari, tumepima moyo?” Kipimo kinaitwa eko. Kinatumia mawimbi ya sauti na hakiumi. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2022 unasema kipimwe kabla ya kuanza, na tena ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza. Pesa zikipungua, eko ndiyo rahisi kuahirishwa kwa sababu mgonjwa hasikii chochote. Uliza mapema kama SHA italipa ama mtachanga.

Halafu angalia dalili nyumbani. Miguu inavimba jioni? Anahema akipanda kilima kidogo? Anahitaji mito mitatu ndipo alale? Usiseme ni uzee ama “ni dawa tu”. Rudi kliniki.

Kurudi mapema kunasaidia kweli. Mwaka 2015, Daniela Cardinale wa Milan alionyesha kuwa karibu visa vyote hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza. Waliogunduliwa mapema na kupewa vidonge vya kawaida vya moyo kama enalapril, 82 kati ya 100 walipata nafuu, ingawa wachache tu ndio walirudi sawa kabisa.

Na tusielewane vibaya: usimtoe mathe kwa kemo umpeleke kwa wa mitishamba kwa sababu umesoma hii. Saratani isipotibiwa itamuua kabla moyo haujachoka. Akamilishe dawa, na ile eko isirukwe.