Rangi mbili kwa kila mraba: namna ordinatere za kwanza zilivyochora kwenye televizyo

Mtoto akiuliza, «Mama, picha za rangi zinaingiaje kwenye skrini?», tusimjibu kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Binti anayesikia jibu hilo mara nyingi, mwishowe anaacha kuuliza. Na hesabu yake tunaijua: ni ile ya mama anayeenda soko na pesa kidogo.

Mwaka 1982, kule Uingereza, kampuni Sinclair ilianza kuuza ordinatere ndogo ya nyumbani, ZX Spectrum. Ile ya bei ya chini ilikuwa pauni 125. Haikuwa na skrini yake: ilifungwa kwa waya kwenye tundu la antena la televizyo ya familia.

Televizyo ya rangi inatumia mianga mitatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho linaona njano. Zikiwaka zote tatu, linaona nyeupe. Zikizimika zote, nyeusi. Kwa kuwasha na kuzima hivyo, tunapata rangi 8. Spectrum iliongeza mwanga hafifu na mwanga mkali. Nyeusi ilibaki ileile, basi rangi zikafika 15.

Shida ilikuwa kumbukumbu ya mashine, ambayo ilikuwa ghali. Inapimwa kwa baiti, kama unga unavyopimwa kwa kilo. Picha ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu, jumla 49,152. Kama kila nukta ingepewa rangi yake, picha moja ingekula baiti 24,576. Lakini mashine ile ya bei ya chini ilikuwa na baiti 16,384 tu kwa kazi zake zote!

Watengenezaji walifanya nini? Waligawa skrini kwa miraba 768, kila mmoja nukta 8 kwa 8. Ndani ya mraba mmoja, rangi mbili tu: moja ya kuchorea, moja ya nyuma. Picha nzima ikatosha katika baiti 6,912.

Kulikuwa na hasara. Mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, rangi ya mmoja ilimeza ya mwingine. Waandishi wa michezo wakajifunza kupanga. Katika mchezo Knight Lore wa 1984, kila chumba kilichorwa kwa rangi moja juu ya nyeusi, na watu waliupenda sana.

Tujaribu nyumbani:

1. Katika daftari la miraba, chora miraba mikubwa minne iliyoshikana, kila mmoja vijumba 8 kwa 8.
2. Mtoto achore ua au samaki, bila kupita rangi mbili kwa kila mraba mkubwa.
3. Muulize: ni rangi gani umeacha, na kwa sababu gani?
4. Weka tone dogo sana la maji kwenye skrini ya simu inayoonyesha nyeupe. Mtaona nyekundu, kijani na bluu. Kisha pangusa.

Kaka na dada wafanye wote, na mama naye ashike kalamu.