SOKO LA MASHINE KUUKUU: Madigadi husema umri, rangi hudanganya

Nchini Marekani, matrekta madogo ya kukatia majani yaliyotengenezwa miaka ya 1960 yana soko lake, na wanunuzi wake huyatafuta kwa mwaka. Mashine ya toleo la kwanza huthaminiwa kuliko iliyoifuata, hata kama zote mbili hukata majani sawasawa. Tatizo ni kwamba mashine iliyofanya kazi miaka mingi mara nyingi huwa imekwishabadilishwa injini, kiti na rangi. Asiyejua mabadiliko ya umbo hulipa bei ya toleo la kwanza na kupewa la nne. Mfano mzuri ni John Deere 110.

Mashine hiyo ilizaliwa na ushindani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, International Harvester iliingiza sokoni trekta la bustani liitwalo Cub Cadet, lenye injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. Walengwa walikuwa wenye nyumba zenye viwanja vikubwa, waliotaka kukata majani wakiwa wameketi na, wakati wa baridi, kusukuma theluji kwa mashine hiyo hiyo. Mauzo yalipopanda, Deere ilijibu mwaka 1963 kwa 110, iliyotengenezwa kiwandani Horicon, jimbo la Wisconsin.

Toleo la 1963 nalo lilikuwa na injini ya Kohler ya farasi 7. Mwaka 1964 uwezo ulipandishwa hadi farasi 8. Jambo lililoitofautisha 110 lilikuwa mfumo wa mkanda na puli zinazobana na kupanuka, ambao humwezesha dereva kuongeza au kupunguza mwendo kwa mkono mmoja bila kubadili gia. Katikati ya muongo huo ikaongezwa 112, yenye farasi 10.

Badiliko linaloonekana kwa haraka ni la madigadi ya nyuma. Kuanzia 1963 hadi 1967 yalikuwa ya mviringo, yakifuata duara la gurudumu. Kuanzia 1968 hadi 1974 yakawa bapa, yenye pembe. Wafanyabiashara hutumia alama hiyo kuligawa soko mara mbili: madigadi ya mviringo na madigadi ya pembe.

Mkanganyiko mwingine uko katika rangi. Kati ya 1969 na 1971, Deere iliuza mashine nyeupe badala ya kijani, zenye boneti na kiti cha njano, nyekundu, rangi ya machungwa au buluu, kwa matumaini ya kuwavutia wakazi wa mijini. Wateja hawakuzipenda kiasi kilichotarajiwa. Kwa sababu hiyo zilizobaki ni adimu, na kilichodorora dukani wakati ule ndicho kinachotafutwa na wakusanyaji. Hapo ndipo udanganyifu huingia, kwani debe la rangi ni rahisi kupatikana kuliko mashine halisi.

Mnunuzi makini, basi, huanza na madigadi. Yakiwa ya mviringo, mashine haipaswi kudaiwa kuwa ya baada ya 1967, na rangi nyeupe juu yake si ya kiwandani. Halafu huangalia injini: ya farasi 7 huashiria 1963, lakini haithibitishi, kwa kuwa injini hufunguliwa na kufungwa nyingine. Mwisho husoma namba ya mashine kwenye kibati chake na kuilinganisha na orodha ya miaka ya uzalishaji.

Iwapo namba ni ya 1965 na madigadi ni ya pembe, mashine hiyo imeunganishwa kutokana na mbili. Bado itakata majani vizuri, na yafaa kununuliwa kwa kazi hiyo. Bei ya kumbukumbu haistahili.