Nusukaputi au Ganzi: Uamuzi Kabla ya Kuwekewa Vali ya Moyo

Vali ya aota, ambayo ni mlango wa damu itokayo moyoni kuelekea mwilini, huweza kukakamaa uzeeni kwa kujaa chokaa, na tangu Profesa Alain Cribier alipofaulu mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, kumwekea mgonjwa vali mpya bila kumpasua kifua, vali hiyo hupitishwa ikiwa imekunjwa ndani ya katheta, yaani mrija unaoingizwa mara nyingi kupitia ateri ya kinena. Mirija ya mwanzo ilikuwa minene, hata milimita 8, na nusukaputi, yaani usingizi mzito wa dawa unaoambatana na mrija wa kupumulia kooni, ilikuwa ndiyo kawaida. Mirija hiyo ya vali ilipopungua unene, madaktari wengi waliona yatosha kuchoma ganzi kinenani na kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza, huku akipumua mwenyewe.

Utafiti wa Ujerumani uitwao SOLVE-TAVI, uliochapishwa mwaka 2020 na kuwahusisha wagonjwa 447, ulionyesha kwamba katika siku 30 za kwanza njia hizo mbili zililingana kwa jumla ya vifo, kiharusi, shambulio la moyo, maambukizi na kuumia kwa figo, ingawa wa nusukaputi walihitaji zaidi dawa za kupandisha shinikizo la damu. Utulivu bila usingizi mzito una faida nyingine inayostahili kuthaminiwa: mara vali inapokwisha kutanuliwa, mgonjwa huulizwa jina lake na kuambiwa ainue mikono yote miwili, na kwa hilo tu dalili za kiharusi huweza kugunduliwa papo hapo.

Vali ya mitra, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ina masharti yake, kwani kuibana kwa klipu huongozwa na picha za mawimbi ya sauti zinazopigwa kwa kifaa kilichoshushwa kwenye umio, na ni wachache wanaoweza kukivumilia kwa muda mrefu wakiwa macho. Hapo nusukaputi ingali desturi ya hospitali nyingi.

Ni hatari kudhani kwamba ganzi humwondolea mtaalamu wa usingizi kazi, kwa sababu ateri ikipasuka au moyo ukisimama, mgonjwa hulazwa usingizi mzito kwa dharura, katika hali mbaya kuliko ile aliyoanza nayo. Kwa hiyo mtaalamu huyo hana budi kuwapo chumbani tangu mwanzo, mrija wa kupumulia ukiwa tayari, baada ya kumuuliza mgonjwa mapema kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi, na kama angependa kuwa macho.