Kidonge Kimoja, Maisha Mawili

Tangu wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI walipogunduliwa Zanzibar mwaka 1986, kipimo chetu cha ushindi kimekuwa uhai. Leo uhai unapatikana. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha; mwenye kufunga Ramadhani hukinywa baada ya futari, na akidumu nacho virusi hupungua mpaka kipimo kisivione, wala hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Kwa hesabu za maabara, wanawake ndio walio mbele: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-17 ulionesha kuwa virusi vilikuwa vimefubazwa kwa takriban asilimia 57 ya wanawake wa Tanzania wanaoishi na VVU, na kwa wanaume asilimia 41 tu. Lakini Shirika la Afya Duniani lina maswali yanayopima ubora wa maisha: mwili, nafsi, kujitegemea, mahusiano, mazingira na imani. Tafiti nyingi zilizouliza maswali ya aina hii, ingawa si zote, zimekuta wanawake wakiyaona maisha yao kuwa duni kuliko wanavyoyaona wanaume. Naamini tofauti hiyo haitoki damuni. Inatoka nyumbani.

Mwanamke wa Unguja mara nyingi hupimwa akiwa mjamzito, kabla ya mumewe, na anayejua mwanzo ndiye anayeambiwa kaleta maradhi. Talaka iko mkononi mwa mume, na matunzo ya mtalaka huishia kwenye edda. Basi swali la kwanza linalomjia si kama dawa itamfaa, bali atalala wapi. Ndipo vidonge hutolewa chupani, kwa kuwa chupa ikitikiswa hulia, vikafungwa kwenye pindo la kanga. Mji Mkongwe, hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, lakini njia ya kuiendea hupita mbele ya baraza za watu wanaomjua yeye na mama yake. Kwa mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani tatizo ni jengine: siku ya kliniki ikiangukia bamvua, maji yanapokupwa mbali na kazi ndipo ilipo, atachagua baina ya dawa na riziki.

Atakuwepo wa kusema kwamba Zanzibar wenye VVU hawafiki asilimia moja ya watu wazima, kwa hiyo jambo hili ni dogo. Mimi naona uchache ndio unaoizidisha siri uzito, kwani asiyemjua mwenziwe wa hali moja hujiona peke yake. Mwengine atasema wanaume ndio wa kuhurumiwa, maana huchelewa kupima na hufika hospitali wamekwisha dhoofu. Hilo ni kweli, na halipingani na hoja yangu. Aibu ni ile ile: mwanamme humzuia asifike kliniki, na mwanamke humnyima usingizi baada ya kufika. Ama wanaodai wanawake ni wepesi wa kulalamika, wajue kwamba katika baadhi ya tafiti, kipato na msongo wa mawazo vikitiwa katika hesabu, pengo hupungua. Malalamiko yana sababu, na sababu zina dawa.

Dawa yenyewe haiuzwi duka la madawa. Jumuiya ya watu wanaoishi na VVU, ZAPHA+, iliyoanzishwa mwaka 1994, imeonesha faida ya kukaa na wenzako bila ya kujificha. Kliniki nazo ziwaite mke na mume wapimwe pamoja, zitoe dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na zimuulize mwanamke analala vipi na anakula nini, si wingi wa virusi peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi mficha maradhi huishi miaka mingi, na kule kuficha ndiko kunakomla. Tusimlaumu kwa kuficha ilhali sisi ndio anaotuficha. Tumfanyie nyumba na mtaa ambamo chupa ya dawa inaweza kukaa juu ya meza.