Kwa nini kimulimuli hutamkwa mara mbili

Katika mofolojia, neno kimulimuli hutajwa upesi kama mfano wa uradidi: kiambishi ki-, kisha muli mara mbili, shina lilelile la kumulika. Naona kwamba tukiishia hapo, tunaiacha maana njiani.

Kimulimuli ni wa jamii ya mbawakawa. Tumboni mwake lusiferini hukutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya, ikatoka nuru karibu bila joto. Katika spishi nyingi zinazomweka, dume huruka kwenye giza la msitu akiwaka na kuzima kwa mpigo wa spishi yake. Jike, ametulia kwenye jani, humjibu baada ya muda maalumu. Nuru peke yake haitoshi. Wanatambuana kwa marudio, na kwa kimya kilicho kati yake.

Neno la Kifaransa luciole hutaja nuru tu. Letu hutaja nuru inayorudia, yaani ujumbe wenyewe. Ndiyo maana taa za usiku kucha pembezoni mwa msitu zina madhara: dume huweza kukosa kuona jibu, na pasipo jibu hakuna mayai.

Basi tunapokusanya msamiati vijijini, tusiandike tafsiri tu. Tuulize pia mdudu hufanya nini.