Nilitumwa Kuchungua Ukoo wa Mposaji

Ada ya kuulizana ukoo kabla posa haijajibiwa ingali hai katika pwani yetu, na wanaodhani imekufa ni wale ambao hawajapata kuoza binti. Kijana aweza kuwa na elimu yake na kazi yake, na msikitini akaonekana safu ya mbele, lakini wazee wakikaa barazani swali la kwanza ni lile lile la tangu hapo: huyu ni wa nani? Na ukiwajibu kwa jina la baba yake, watakungoja uendelee.

Mwaka juzi ilifika posa kwetu Mombasa. Aliyeposwa ni binti wa ndugu yangu mdogo, na mposaji ni kijana mwalimu wa skuli, mpole, asiyekuwa na neno na mtu. Ami yetu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba alipotangulia mbele ya haki, alisema kijana amempendeza, ila amesikia mtaani kwamba mmoja katika babu zake alikuwa mtumwa. Akaniita baada ya sala ya Alasiri, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na hapo nikajua kuna kazi.

"Wewe mwanangu ndiye mwenye wenzio wa makaratasi ya kale," akaniambia. "Waulize. Tusije tukamwonea mwana wa watu, wala tusije tukajidanganya."

Hao wenzangu ni watu wanne, nami ni wa tano. Hatuna chama wala mwenyekiti. Tulijuana siku za Maulidi ya Lamu, kila mmoja akimtafuta mzee wake. Mmoja ni karani mstaafu wa hapa Mombasa, ambaye jicho lake limezoea hati za kale, za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata husoma palipoliwa na mchwa. Wa pili ni mwalimu wa Lamu. Wa tatu yuko Unguja, na asubuhi zake nyingi humalizikia katika nyumba ya Nyaraka pale Kilimani. Wa nne ni mama mmoja wa Maskati, mzaliwa wa huko huko, lakini Kiswahili chake ni cha nyanya yake aliyetoka Mombasa, na hukisema vizuri kuliko vijana wetu wengi. Mmoja wetu akipata karatasi, huipiga picha kwa simu na kuwapelekea wenziwe, hata kama haimhusu yeye. Hilo la "hata kama haimhusu" ndilo lililonifikisha nilikofika.

Kabla sijaendelea niseme habari ya shajara yetu. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni mti. Baba alikuwa nayo, karatasi ndefu iliyoviringwa ndani ya kopo la bati. Nilipokuwa chuoni, ningali katika juzuu ya Amma, alikuwa akiniketisha kila usiku wa Ijumaa nimsomee kwa moyo: fulani bin fulani bin fulani, hata nifike jina la kumi na mbili ndipo niruhusiwe kwenda kulala. Majina yale yalinikaa ulimini kama Fatiha. Nilipopata ujana nikaanza kutunga, niliyatia katika shairi la kujisifu, na watu wakanipa mkono. Leo nikilikumbuka shairi lile naona haya, na si kwa sababu ya vina vyake, ambavyo vilikuwa sawa.

Basi nikaianza kazi ya Ami. Kwanza nilivifunua vitabu, maana sikutaka kuhukumu kwa desturi tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi wanazuoni wameitaja kufu, na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu walichokisomesha masheikh wetu wengi, ameuhesabu ungwana na nasaba miongoni mwa mambo yake. Hilo siwezi kulificha. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kwamba kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake, na wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwoza Bi Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe, kwa Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Fatima binti Qais naye, Mkureshi, alimshauri aolewe na Usama mwana wa Zaid huyo. Kwa hivyo swali halikuwa kama ndoa yafaa. Swali lilikuwa kama sisi tutaridhia.

Halafu nikamwendea kijana mwenyewe. Wenzangu walinilaumu kwa hilo, wakisema mchunguzi hamwulizi mchunguzwaji, lakini mimi niliona ni aibu kumzunguka mtu nyuma. Aliniangalia bila kupepesa.

"Ni kweli, ami," akasema. "Babu wa babu yangu alikuwa mja, akaachwa huru. Kwetu halifichwi." Akanitajia jina lake. Lilikuwa moja katika yale majina ambayo wazee wakiyasikia huinua nyusi, kama Mabruki au Feruzi, majina ya baraka na ya vito waliyopewa watumwa na mabwana zao.

Hapo kazi yangu ingeweza kwisha. Lakini Ami alitaka hakika, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nimeshaingiwa na hamu. Ukitaka kumfuata mtu wa pwani nyuma ya babu yake, njia si nyingi. Ziko Nyaraka za Taifa kule Nairobi, ndani ya jumba lililokuwa la Bank of India katika barabara ya Moi, yalimowekwa mafaili ya serikali ya kikoloni. Yako madai ya ardhi yaliyofuata sheria ya mwaka 1908, watu wa pwani walipotakiwa waje wadai mashamba na viwanja vyao, na mwenye kudai kwa urithi ilimbidi aeleze amerithi kwa nani. Ziko hati za wakfu na za mauziano ndani ya masanduku ya watu, chini ya kanga na udi. Na utumwa wenyewe uliacha karatasi zake. Unguja uliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897, na huku kwetu mwaka 1907, na mabwana wakalipwa fidia. Lakini amri ile ya Unguja ya 1897 haikuwaingiza masuria; wao walingoja hadi mwaka 1909. Suria hakuhesabiwa mtumwa kama wenziwe, wala hakuhesabiwa mke wa ndoa.

Niliwapelekea wenzangu jina la babu wa yule kijana. Karani akasema hajapata kulikuta. Lamu, kimya. Unguja, kimya. Siku ya nne ikaja sauti ya yule mama wa Maskati.

"Kaka yangu," akasema, "nyinyi wanaume mwatafuta katika shajara. Mimi kwa kuwa namtafuta mwanamke, nimezoea kutafuta katika wakfu. Jina hilo ninalo."

Nyanya yake alipohama alichukua furushi la hati za mumewe, ambaye alikuwa msimamizi wa wakfu wa shamba moja la minazi upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa chetu. Mama yule alikuwa ameipiga picha hati hiyo zamani na kuiweka tu, maana haikumhusu. Akaniletea. Nikaenda nayo kwa karani, tukaikuza kwenye kioo cha simu, naye akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, kama ilivyo desturi yake.

Hati ilikuwa ya mwanzo wa karne ya 14 ya Hijra, kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao hapa mwaka 1895. Mwenye shamba anasema amewaacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu waja wake wawili, na shamba amelifanya wakfu kwao na kwa vizazi vyao, na vizazi vikikatika liwe la masikini. Mja wa kwanza ni babu wa babu yake kijana. Karani akasoma jina la mwenye shamba, akanyamaza. Halafu akalisoma tena, pamoja na bin na bin zake, na mimi nikawa nayamalizia majina kabla hajayafikia. Alikuwa babu yake baba yangu. Ni jina la tatu katika shajara yetu.

"Na mja wa pili?" nikauliza.

Karani akavua miwani ya juu. "Ni mwanamke. Ameandikwa umm walad, mama wa mwanawe. Na mwana ametajwa." Mwana aliyetajwa ni babu yangu, yule aliyemzaa baba na Ami.

Wasomaji waliosoma wanajua umm walad ni nani: ni mjakazi aliyemzalia bwana wake. Hauzwi tena, bwana akifa yeye huwa huru, na mtoto wake ni mungwana sawa na watoto wa mke wa ndoa, kwa jina na kwa urithi. Watoto wanne wa Sayyid Said waliotawala Unguja mmoja baada ya mmoja, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote mama zao walikuwa masuria, na hakuna aliyesema Sultani si mungwana. Kwa sheria babu yangu hakupungukiwa na kitu. Ila mti wetu ulikuwa na majina kumi na mawili ya wanaume na haukuwa na hata jina moja la aliyewazaa. Huyo aliyekuwa akisakwa na wazee ili akataliwe na yule nyanya yetu walikuwa wajoli, watumwa wa bwana mmoja, wameandikwa kwa kalamu moja katika karatasi moja.

Nilikaa na hati ile siku tisa bila kumwonyesha mtu. Nakiri kwamba nilifikiri kuifuta. Karani alinihakikishia kinywa chake hakitafunguka, na Maskati ni mbali. Usiku nikijigeuza kitandani nilijitafutia hoja. Nikakumbuka ule utafiti wa mwaka 2023, wa akina Profesa Chapurukha Kusimba na David Reich, waliopima mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Walikuta kwamba kwa wengi wao upande wa kiumeni ulitoka Asia, hasa Uajemi, na upande wa kikeni karibu wote ulikuwa wa Afrika hapa hapa. Siku zile barazani kila mtu alichukua nusu aliyoipenda akaenda nayo nyumbani. Mimi pia nilichukua yangu, nikafurahia Uajemi. Wale kina mama wa miaka elfu iliyopita nao hawamo katika shajara ya mtu yeyote niliyepata kuiona, wala hakuna aliyesema wao walikuwa watumwa.

Lakini kilichonimaliza hakikuwa utafiti. Ni kaburi. Nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane, babu alikuwa akinichukua kila mwisho wa Shaabani, tukavuka kwenda shambani. Chini ya mkwaju palikuwa na kaburi lisilo na maandishi, limezungushiwa makaa ya tumbawe. Babu hulinyunyizia maji, husoma Yasini, halafu hukaa pale muda mrefu akinyofoa majani kwa vidole. Nilipomwuliza ni la nani aliniambia, "La mwenye shamba." Baba hakuja nasi hata mara moja. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kazi.

Siku ya kumi nikaomba wazee wakutane. Nikaiweka ile picha, niliyoitoa kwa karatasi kubwa, juu ya jamvi mbele ya Ami, nikasema, "Kazi mliyonituma hii hapa. Kijana ni mjukuu wa mja. Endelea kusoma, Ami, mstari wa chini." Yeye hahitaji kusomewa. Alisoma kimya, akarudia, akampa ndugu aliyekuwa kuliani kwake, nayo ikazunguka. Mwana wa shangazi yangu mmoja alisema karatasi za picha hutengenezwa siku hizi, akainuka akavaa viatu. Hata harusini hakuja, na mpaka leo salamu zake kwangu ni za kidole kimoja.

Ami hakumtazama. Aliniuliza, "Lile kaburi la chini ya mkwaju, nawe alikupeleka?"

Nikasema, "Naam."

"Na mimi alinipeleka," akasema. "Kabla hujazaliwa. Nikajua, na nisijue." Akaomba maji, akanywa. Halafu akasema mshenga aitwe.

Walioana Mfungo Sita. Siku chache baada ya fungate Ami alinituma kopo la baba. Akaiviringua shajara juu ya meza, akaitia mawe pembeni isijikunje, akataka kalamu yenye wino mwekundu. Ubavuni mwa jina la babu yake aliandika jina la nyanya yake, mkono ukimtetemeka, herufi kubwa kuliko zile za zamani. Jina lenyewe sitalichapisha hapa, maana jamaa wote bado hawajaridhia. Baada ya jina akaandika "binti", akasita, akaniangalia. Hati haimtaji baba yake. Ami akaacha nafasi ya upana wa vidole viwili, akafunika kalamu. Mwenzetu wa Unguja anatafuta.